Fundi Sponji Atafuta Watu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi makochi wa mtaa wetu. Tulimwita Fundi Sponji, maana vumbi la sponji halikumtoka nyweleni hata siku ya harusi ya binti yake. Ametutoka wiki iliyopita. Narudia kwa mliochelewa kuwasha: Fundi Sponji, fundi makochi, hatunaye tena.

Mkewe kaniambia, "Mtangazaji, usimpake mafuta. Ukimsifia tu, watu watadhani umekosea marehemu."

Haya, shemeji. Nakutii.

Fundi alikuwa anakunywa. Sio kuonja, wasikilizaji. Kunywa! Siku moja mkewe alimkuta karakana amevalisha kochi kitambaa kipya, na shati lake amelishonea humo humo, yeye mwenyewe akiwa ndani ya shati. Ikabidi shati likatwe kwa mkasi. Mke akamwambia, "Baba watoto, nakupenda. Lakini mimi peke yangu nimeshindwa. Katafute watu wa kukusaidia, ndipo urudi."

Basi Fundi akahamia karakana, analala kwenye makochi ya wateja. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi nyumbani.

Muuguzi mmoja akamwelekeza. Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, kinakutana zahanati, Alhamisi mchana, chumba cha mwisho. Fundi akaenda, kachana nywele. Kwa aibu akapita mlango wa nyuma. Sasa, ukiingilia nyuma, chumba cha mwisho kinakuwa kingine! Akaingia, macho chini, akamwaga yote.

"Jamani, nimechoka. Asubuhi naamka na kichefuchefu. Nikinusa chakula, natapika. Nyumbani hawanielewi."

Chumba kizima kikaitikia, "Pole! Hata sisi!"

Akainua macho. Matumbo! Wajawazito watupu!

Mama mmoja akamfuta machozi, akamwonyesha upande wa pili. "Kikundi chako kiko kule, baba. Ukifika, niulizie kama watampokea na mume wangu."

Kule akakuta kikundi chenyewe. Mwenyekiti ni mama mchomelea vyuma, ana viatu vya kazi na jicho kali. Akamuuliza, "Nyumbani umebakiza chupa?"

"Hapana."

"Karakana?"

"Hapana."

"Ziko wapi? Maana sura yako inasema zipo."

Fundi akajikuna. "Ziko kwenye makochi ya watu."

Ndiyo, wasikilizaji. Alikuwa akimficha mkewe chupa ndani ya makochi anayotengeneza. Mteja akiwahi kuchukua kochi, chupa imeondoka nalo. Fundi atafanyaje? Anapita nyumba kwa nyumba, eti anakagua springi! Na sisi tulikuwa tunamsifu: huyu ndiye fundi, anafuatilia kazi yake!

Mwenyekiti akasimama. "Twende tukazitoe. Leo. Na mlangoni unasema ukweli, sio springi."

Wakaenda. Nyumba ya kwanza bibi mmoja akamtazama akipasua mshono, chupa ikatoka. Bibi akapiga kelele, "Mwehu wewe! Kila nikikaa nasikia kitu kinagonga, nikadhani ni magoti yangu! Nimeyapaka dawa mwaka mzima!"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mkuu. Tai shingoni, hata siku za likizo. Fundi akamwambia, "Samahani, mwalimu. Kwenye kochi lako kuna chupa yangu."

Mwalimu akatazama sakafu. "Usipasue. Niliikuta zamani." Akalegeza tai. "Ile iliisha. Nimeshaweka nyingine, sijui ngapi."

Akaingiza mkono ubavuni mwa kochi, akatoa chupa, akampa Fundi. Mwenyekiti kasimama mlangoni. Fundi akaitazama ile chupa. Kiu ile mnaijua wenye kuijua.

Fundi akasema, "Mwalimu, hii siwezi kuishika peke yangu. Shika na wewe."

Wakaibeba wawili, kama watu wanaohamisha kabati, mpaka kwenye sinki. Wakamwaga, kila mmoja akimchunga mwenzake. Haya nasimulia kwa ruhusa ya mwalimu. Amesema, "Sema, huenda kuna mwingine."

Jioni ile ile wakaenda kwa mke wa Fundi. Akafungua mlango nusu. "Umepata watu?"

"Nimepata. Hawa hapa."

Akamwona mchomelea vyuma. Akaona tai. "Mwalimu mkuu! Umekuja kumdhamini mume wangu?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwenzake."

Mlango ukafunguka wote.

Shemeji amesema nisifiche: baadaye Fundi alianguka tena, mara moja. Kikundi kikamfuata huko huko baa, kikamkalia mezani na soda zao mpaka mwenye baa akawaomba waondoke, wanamfukuzia wateja. Tangu hapo hakuonja tena.

Wiki iliyopita mkewe alimwita chai, hakuitika. "Nilimkuta amelala upande wake wa kitanda," ameniambia. "Sikumtafuta popote. Alikuwa nyumbani."

Poleni sana, shemeji na watoto. Poleni wanakikundi. Na wewe unayenisikiliza, mfikirie yule wa kwenu anayeona aibu kuingia peke yake. Usimwelekeze njia ukarudi zako. Ingia naye, ukae.