Hatua Aliyoiruka

Nesi alimuuliza mhadhiri aliyekaa naye kwenye basi kwa nini anakodolea macho ukurasa uleule.

"Tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamili, hisabati. Amefariki. Hapa katikati ya uthibitisho ameruka hatua, akaandika 'ni dhahiri'. Mimi siioni."

"Jamani, pole, mwalimu. Si umpitishe tu? Mama yake apate cheti cha kutundika ukutani."

Abiria wa mbele alijifanya amelala, masikio yote nyuma.

"Nikimpitisha kwa huruma, dada, nimekiri kwamba hakuiona. Tangu mwaka wa kwanza, akisema ni dhahiri, mimi ndiye niliyekuwa nachelewa kuona."

"Na kama safari hii alikosea?"

Basi likasimama. Nesi akashuka kuwahi zamu. Kituo cha mhadhiri kilikuwa kimeshapita zamani.