Mwalimu Vestina na Mwanga Unaocheua

Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Rungwe Mpya, nanyi mliotoka Kibondo alfajiri, familia inaomba masikio yenu kabla jeneza halijainuliwa, maana maisha ya mtu yasiposemwa na walio wake husemwa na wapita njia, na wapita njia wamekwisha kusema vya kutosha.

Marehemu Vestina Niyonkuru alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 huko Kibondo, mtoto wa tatu wa Mzee Tharsisi na Mama Immakulata, waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na jembe, mtoto mgongoni, na sanamu ndogo ya Bikira Maria, ya plastiki, ile inayong'aa gizani. Vestina alipokuwa mdogo alilala nayo ndani ya blanketi, akiogelea katika ule ukijani wake hadi usingizi umchukue, na asubuhi moja alipoikuta imezima alilia kwamba Maria amefariki, mama yake akaiweka dirishani penye jua, akamwambia anyamaze, Mama wa Mungu amekwenda kula.

Elimu ya msingi aliipata Titye kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, sekondari Kasulu, kidato cha sita Tabora mwaka 2000, na stashahada ya ualimu wa sayansi Kasulu mwaka 2002, na huko ndiko alikokutana na maelezo ya sanamu yake, kwamba elektroni, vile vijipunje vilivyomo ndani ya kila kitu, hurushwa juu na mwanga, na katika unga uliochanganywa kwenye plastiki ile vingine hunaswa njiani kama mbuzi kwenye miiba, kisha hujinasua kimoja kimoja, na kila kinachojinasua hudondosha chembe ya mwanga. Darasani aliyasema kwa neno moja: unga huu unacheua. Mchana unameza jua, gizani unalirudisha polepole, kama ng'ombe aliyelala.

Alianza kufundisha fizikia Kibondo Januari 2003, na tarehe 9 Julai 2005 alifunga ndoa na Japhet Nkunzimana, seremala wa hapa Rungwe Mpya, wakajaliwa Herieth mwaka 2007 na Reverien mwaka 2011. Kuanzia mwaka 2016, kila likizo, aliwafundisha akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuchanganya ule unga na vanishi isiyo na rangi, wakapaka shanga, nyuzi na majani ya kusukia vikapu, hata ukiingia kwenye kibanda chao na mlango ukafungwa, ungedhani umezama ziwani na samaki wote wamemeza mwezi. Mama mmoja Mkongomani alizificha shanga zake sandukuni miezi mitatu zisije zikaisha mwanga kabla ya harusi ya binti yake, usiku wa harusi zikatoka nyeusi tii, akaja juu, "Mwalimu, shanga yako ilishakufa!", naye Vestina akamjibu, "Mama, ng'ombe umemfungia sandukuni bila majani, halafu unaniletea kibuyu nikukamulie?", wakacheka wote hadi wakakaa chini.

Mwezi Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na hapa familia inaomba isikike vizuri. Ugonjwa haukutoka kwenye unga. Ni kweli kwamba zamani, nchi za mbali, saa za mkononi zilipakwa madini yenye mionzi, na wasichana waliozipaka walikufa, lakini unga wa Vestina hauna mionzi, na alipouchanganya alivaa barakoa kwa sababu ya vumbi tu. Wala haukuwa uchawi. Waliosema hivyo walirudisha vikapu vyake mlangoni, wakakataa hata uji wake, na wengine wao leo wako hapa, karibuni, mmefika.

Katika ugonjwa wake alidarizi shuka jeupe kwa nyuzi zake, akaomba jambo moja tu, kwamba azikwe nalo. Alifariki tarehe 3 Agosti 2025 hospitalini Kasulu, na juzi Mzee Longinus, baba mdogo wa mume, akaamuru shuka na kazi zote zichomwe, "Mimi simziki mtu na taa," akaingia stoo na mama mkwe, Mama Josephina, kuzikusanya. Mlango ulipojifunga, kilichong'aa karibu zaidi kilikuwa mkono wa mzee mwenyewe. Mama Josephina akasema, "Shemeji, saa yako nayo tuichome, au tukuchome nayo?" Mzee akaivua ile saa, akaitazama ikiwaka kiganjani mwake, halafu akalibeba shuka nje kwa mikono yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kulala nasi, walimu wenzake wa Kibondo, na akina mama wa Nyarugusu waliohangaikia vibali vya kutoka kambini ili wafike.

Shuka limeanikwa juani tangu asubuhi, na akina mama wanaliingiza jenezani sasa, kabla ya misumari. Hatumdanganyi mtu: huko chini litang'aa kwa saa chache, litafifia, na giza litakuwa giza. Lakini saa hizo aliziomba, na amepewa. Lala, Mwalimu Vestina, upumzike kwa amani.