Vipimo Kumi na Kimoja vya Mirihi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, niliyemfuata kaka ziwa, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa hakupenda habari zisizo na tarehe, nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, na ripoti zake, ambazo mama alizitunza chini ya godoro, zinaonyesha alikuwa wa kwanza katika hesabu, na wa mwisho, sina budi kusema, katika kuimba.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Wenzake wanasema geti likifungwa, au mbwa akiwa mkali, wao walikadiria wakaenda zao, lakini yeye alimwahidi mwenye nyumba kurudi kesho yake, na alirudi kweli, ndiyo maana wakamwita Rudi Kesho, jina alilolibeba bila kununa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1986 na mshona nguo, wifi yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti ambaye ni muuguzi, na kijana wa kiume ambaye ni fundi umeme.

Alipostaafu, tarehe 9 Septemba 2012, alianzisha kwenye meza ya cherehani ya wifi tovuti inayoonyesha saa na hali ya hewa ya sayari ya Mirihi, akitumia vipimo vinavyoletwa na mtambo uliotua huko, na wengi wetu, nami nikiwa wa kwanza, tulidhani kustaafu kumemvuruga. Siku ya Mirihi huizidi yetu kwa dakika kama arobaini, naye mwaka uliofuata akajaribu kuishi kwa saa za huko, hata siku ya kumi na nane akawa anakunywa chai ya asubuhi wakati nyumba nzima inakula chakula cha jioni, ndipo wifi akampa hadi Jumamosi awe amerudi duniani. Alirudi. Wasomaji wake walikuwa mia mbili na kumi na wanne, na kila asubuhi walikuta vipimo vipya.

Tarehe 5 Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tarehe 18 Juni akalazwa, akanikabidhi tovuti. Hapa naomba mnivumilie. Kuanzia tarehe 29 Juni vipimo viliacha kuja, na kila asubuhi kaka aliniuliza kule kuna baridi kiasi gani, nami, nikimwona alivyokonda, nilishindwa kumwambia hakuna kitu, nikawa nabuni namba na kuziweka kwenye tovuti, leo nyuzi sabini na nane chini ya sifuri, kesho sabini na sita, upepo nikinakili ule ule, naye akitabasamu. Siku ya kumi na moja aliomba simu ajionee, akasoma, kisha akaniambia, bila hasira, kwamba upepo wa Mirihi hautulii hivyo, na kwamba wasomaji wake wanamwamini, nifute. Nilimwahidi, lakini niliona aibu, nikawa napiga danadana. Alifariki tarehe 13 Julai, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake mkononi mwa wifi, nami nikiwa sijafuta, na jambo hilo linaniuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta viti na kupika kwa zamu, wenzake wa idara ya maji, na wasomaji wake wawili waliosafiri hadi hapa, ambao leo ndiyo tumewaona kwa macho.

Kaka, asubuhi hii, kabla sijavaa nguo hizi, nimefuta vipimo vyote kumi na kimoja, nikaandika kwamba vilikuwa vyangu, si vyako. Mtambo umeanza tena kuleta habari tangu juzi, na leo kule ni nyuzi themanini na moja chini ya sifuri, na hii ni ya kweli. Sasa pumzika, kaka yangu, kwa amani.