Bi Adabu, Mtoto Aliyesifiwa Mpaka Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye njiani asogee pembeni. Leo tunamkumbuka mtoto. Alikuwa na miaka saba. Nyumbani walimpa jina la utani, Bi Adabu, na nawaambia mapema, sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mama yake anapiga pasi kwenye duka la dobi. Baba yake anachomelea milango na madirisha ya chuma. Bi Adabu alikulia chini ya meza ya pasi, akipanga vibanio vya nguo: vyekundu huku, vya bluu kule. Ukivichanganya, anavipanga upya. Halii. Haombi kitu. Ukimsemesha, anainamisha macho.

Na hapo, wasikilizaji, ndipo tunapojikwaa wengi. Tunampenda mtoto wa kike asiyewakazia macho wakubwa. Tunasema huyo kalelewa. Shangazi yake, mwalimu mstaafu mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo mzima, alikuwa akimpitisha mbele ya wageni kama kombe la ushindi. "Mwoneni, wala habishani na watu wazima," alisema. "Wenu wanafungua mdomo kabla hawajaulizwa."

Habishani! Ukimuuliza, "Umekula?" naye anasema, "Umekula?" Ukimwambia, "Hujambo?" naye, "Hujambo?" Wageni walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mama hakucheka. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, alimpeleka zahanati. Daktari hakuinua hata kichwa. "Mama, una bahati. Wenzako wanakuja hapa wanalia watoto hawatulii, wewe unashtaki utulivu?" Mwaka uliofuata akarudi. Akaambiwa asubiri shule, shule itamfungua mdomo. Shuleni mwalimu akamweka nyuma kabisa, akaridhika naye. Darasa limefurika, nani amtafute asiyepiga kelele? Mama alipotaka kwenda hospitali kubwa, shangazi alimjia juu: "Unamtafutia mtoto wetu ugonjwa?" Baba akashusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi.

Miaka minne ikayeyuka hivyo. Narudia: miaka minne.

Kisha akaja daktari mpya pale zahanati, binti aliyetoka chuo juzijuzi. Huyu alikaa sakafuni, akapanga vibanio na Bi Adabu. Akamwambia mama kwamba anashuku usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto awasiliane tofauti na wenzake. Akaeleza kuwa mtoto wa namna hii anaweza kuumwa sana na asilie, kwa hiyo afundishwe kuonyesha kwenye picha ya mwili: hapa panauma. Ila wa kuthibitisha na kuanza mafunzo ni bingwa, na foleni ya bingwa ni ya miezi. "Nilitoka pale nalia, nacheka," mama ametuambia. "Nikasema, kumbe sijachanganyikiwa. Kumbe nilikuwa naona."

Wakaandikishwa. Wakasubiri. Tumbo halikumsubiri bingwa.

Asubuhi moja Bi Adabu alikataa chai. Akajikunja pembeni ya kitanda, akawa anavuma kwa pua, mmm, mmm, bila kupumzika. Mwili ulikuwa wa moto. Mama alikuwa keshatoka kwenda kazini, shangazi akajitolea kumpeleka hospitali. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa pomoni, watoto wanalia, wazazi wanasukumana. Bi Adabu kakaa wima, mikono tumboni. Muuguzi akapita, akawaambia wengine, "Mwigeni mwenzenu." Basi shangazi akavimba kichwa. Kila aliyekuja na mtoto anayelia, alimpisha mbele yao. "Tangulieni tu, wetu mvumilivu."

Aliwapisha mchana kutwa, wasikilizaji. Mchana kutwa.

Mama alipofika kutoka kazini, alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Akapiga ukelele ambao mwanawe hakuupiga, na hapo ndipo wakakimbia naye. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha umeshaenea. Walimfanyia upasuaji. Hakuamka.

Msibani, shangazi alifuta machozi akasema, na mimi naamini alisema kwa mapenzi: "Hakumsumbua mtu. Hata kuondoka, kaondoka na adabu zake." Waombolezaji wakaitikia, kweli, kweli.

Mama akasimama. "Msimsifu," alisema. "Mwanangu alikuwa anaumwa."

Mdogo wake Bi Adabu, ambaye bado ananyonya, akashtuka, akaangua kilio. Shangazi akanyoosha mikono ambembeleze. "Shii, shii." Mama akamvuta mtoto kifuani.

"Mwache alie."

Kwa mama, kwa baba, na kwa shangazi pia, ambaye siku hizi hajitokezi hata mlangoni, poleni sana. Nimekasirika, sifichi, lakini pole zangu ni za kweli.

Nanyi mlio nyumbani, jiulizeni leo ni mtoto gani mnayemsifu kwa sababu tu hawasumbui. Mtazameni vizuri. Kama moyo unakwambia kuna jambo, mpeleke. Wakikurudisha, rudi tena. Wakikuita mkorofi, kuwa mkorofi. Mama wa Bi Adabu aliambiwa asubiri, akasubiri. Akaambiwa asiwabishie wakubwa, akanyamaza. Naye alikuwa amelelewa vizuri.