Mama Punguza na Orodha za Wazazi Wapya

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye na chai ashike chai yake. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeuza vitu vya watoto wachanga kwa miaka thelathini na mmoja, na muda mwingi wa miaka hiyo aliutumia kuwakataza watu wasinunue. Watu walimwita Mama Punguza. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Punguza, muuzaji wa vitu vya watoto, ametutoka.

Duka halikuwa lake. Aliajiriwa tu. Ni lile duka lenye mlango mwembamba, vitanda vya watoto vimesimamishwa ukutani, na harufu ya sabuni na plastiki mpya inakupokea kabla hujapokewa na mtu. Wazazi wapya waliingia wawili wawili. Mke ana tumbo la miezi minane, mume ana jasho, na katikati yao kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Punguza alikuwa akipandisha miwani. "Karibuni wanangu. Leteni hiyo karatasi." Anatoa penseli sikioni, anaanza kukata.

"Viatu. Viatu vya nini, anaanza kazi Jumatatu?" Anakata. "Mto wa kulalia. Huo hata mkipewa bure msiuweke kitandani. Mtoto mchanga halalii mto, ni hatari." Anakata mara mbili. "Mashine ya kupasha maziwa. Kwani kwenu hakuna bakuli na maji ya moto?" Anakata. "Nguo za saizi ya kwanza, kumi na mbili. Chukueni nne. Watoto wa siku hizi wanakua kama wamegombana na nguo." Kigari cha kusukuma aliandika pembeni: azimeni. Alikuwa akisema kila ukoo una kigari kimoja kinachokusanya vumbi chumbani kwa mtu, ni kukitafuta tu.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Nepi za kitambaa dazeni mbili. Beseni. Kipimajoto. Godoro gumu linalokaa sawasawa kitandani bila kuacha mwanya. Hapo Mama Punguza hakupunguza kitu, na ukijaribu kubana matumizi kwenye godoro alikukazia macho mpaka ukaona aibu.

Mwenye duka anasema mwaka wa kwanza alitaka kumfukuza. "Nilimwita ofisini. Nikamwambia, nimekuajiri uuze au uwafukuze wateja? Akanijibu bila kupepesa, bosi, anayeondoka na vitu vinne anavyovihitaji atarudi na dada yake. Anayeondoka na ishirini atarudi kuvirudisha. Nikampa miezi sita. Na kweli, walirudi na dada zao, na mashemeji, na majirani. Mwisho watu wakawa hawaulizi duka liko wapi. Wanauliza Punguza yuko wapi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mtu hapati macho kama yale bure. Mama Punguza alizaa mara moja tu, binti, akiwa na miaka thelathini. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Mimba ilipokuwa ya miezi saba, mume akaondoka kwa safari ya siku nne, na huko alikokwenda akaanzisha nyumba nyingine. Hakurudi. Mwanamke yule alibaki peke yake na hofu yake, akaingia kwenye duka la kwanza aliloliona, na muuzaji wa huko akamuuzia kila kitu. Kitembezi cha magurudumu. Mito mitatu. Viatu jozi tano. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mzazi mpya hanunui kwa macho, ananunua kwa hofu." Akaenda kujifungua, akarudi na mtoto mikononi, akafungua mlango. Nyumba imejaa vitu. Mtu hakuna hata mmoja.

Ndiyo maana, alipoanza kazi miaka miwili baadaye, hakuigusa karatasi ya mteja kabla ya kuuliza maswali matatu. Maji yako karibu au mbali? Nguo mnaanika wapi? Na wiki ya kwanza, nani atakuwa na wewe nyumbani? Mawili ya mwanzo yalikuwa ya kukadiria nepi. La tatu alikuwa akiliuliza kwa sauti ya chini, akimwangalia mama peke yake.

Wengi walisema mama yangu, dada yangu, mama mkwe. Lakini wapo waliosema hakuna. Basi hao, na hao tu, Mama Punguza aliwaongezea kitu. Alikuwa akiandika chini ya orodha: kiti kifupi chenye mikono. Duka halikuuza viti. Aliwatuma kwa fundi seremala wa barabara ya nyuma. Alikuwa akiwaambia, "Ukinyonyesha peke yako, hakuna wa kukushikia mtoto mkono wako ukichoka. Angalau kiwiko kipate pa kuegemea."

Fundi huyo bado yupo, amezeeka, na alizungumza nasi akiwa kazini. "Walikuwa wanakuja, wanasema nimetumwa na Punguza. Sikuwauliza kitu. Mimi nilijua mji huu una wapweke wangapi kuliko mtu yeyote. Kiti cha kwanza kabisa cha aina ile nilimtengenezea yeye, binti yake akiwa wa wiki tatu. Alikuja amembeba, akanionyesha kwa mkono, fundi, nataka urefu huu."

Kiti kile alikuwa nacho mpaka mwisho. Jirani yake wa mlango wa pili anasema binti alipokua na kuhamia mbali kikazi, Mama Punguza alikuwa akila chakula humo, sahani mapajani. Meza ilikuwepo, ila alisema meza ya watu wanne inamsuta. Jumapili, duka likiwa limefungwa, jirani alimsikia akiiambia redio habari za asubuhi. Nasikia alikuwa akituitikia sisi tukisalimia hapa. Sikujua hilo, wasikilizaji. Laiti ningelijua.

Tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana binti alimpigia simu. Binti huyo ana miaka thelathini na mitatu, anafanya kazi maabara, katika mji ulio mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, nina mimba ya miezi minne." Mama Punguza alicheka, akalia, akamshukuru Mungu, na walipokata simu akakaa kusubiri aulizwe.

Kwa sababu alikuwa na sheria yake. Ushauri hapewi asiyeuomba. Dukani ilimfaa sana sheria ile. Basi akangoja orodha. Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa saba. Kila Jumamosi walizungumza. Waliongea habari za mvua, bei ya umeme, mguu wa mama unaouma. Orodha haikuja. Na yeye aliyewauliza maelfu ya watu wasiomhusu, wiki ya kwanza nani atakuwa na wewe, hakuthubutu kumuuliza mwanawe wa kumzaa. Aliogopa jibu. Kama ni mama mkwe, angeumia. Kama ni hakuna, angeumia zaidi, kwamba hakuna, na bado hakuitwa.

Upande wa pili binti naye alikuwa akingoja. Aliniambia hivi, kwa sauti iliyokwisha kulia: "Mimi nimelelewa na penseli ile. Tangu mdogo, kila ninachokitaka, mama anauliza, cha nini? Nikaona aibu kumsomea orodha yangu. Nilinunua vitu sita tu, na kila kimoja nilikinunua nikimsikia yeye. Lakini nilitaka aulize. Mume wangu yuko mgodini, anarudi kila baada ya miezi mitatu. Nikasema, mama akitaka kuja, atasema. Hakusema. Nikajua hana haja na mambo yetu."

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Wiki ya kwanza binti alikuwa peke yake.

Mfanyakazi mwenzake Mama Punguza, mwanamke wanayemwita Mrefu, aliyesimama naye kaunta moja kwa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeliona boksi. Lilikuwa chini ya rafu ya mwisho, nyuma ya mabeseni. Alidhani ni mzigo wa mteja. Akalifungua. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu vidogo kama vidole gumba. Kofia yenye masikio. Mashine ya kupasha maziwa. Nguo za saizi ya kwanza, kumi na mbili. Kila alichokikataza duniani, Mama Punguza alikuwa amemnunulia mjukuu wake. Kinyozi hajinyoi. Mrefu akamuuliza, "Dada, hivi vya nani?" Akajibu, "Vya mtu asiyeniuliza."

Mtoto alipofikisha miezi miwili, Mama Punguza aliivunja sheria yake. Akaenda kwa mwenye duka kuomba likizo. Mwenye duka anasema nusura aanguke kitini, maana katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuombwa na mwanamke yule hata siku moja. Akapanda basi, boksi mapajani kutwa nzima, akabisha hodi mlangoni kwa binti yake bila taarifa.

Binti alifungua boksi, akatoa kiatu, akamwangalia mama. "Mama. Viatu?" "Najua," mama akasema. "Usiniulize." Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Alikaa siku tisa. Naomba mzishike siku hizo, wasikilizaji, siku tisa. Alifua, alipika, alimwogesha mjukuu kwenye beseni. Binti anasema hajawahi kulala usingizi mtamu kama wa siku zile. Kisha Mama Punguza akarudi nyumbani kwake, akarudi kwenye kaunta, akaendelea kukata viatu kwenye karatasi za watu.

Miezi minne baadaye, Jumanne asubuhi, hakufika kazini. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa. Saa nne Mrefu alikwenda kugonga, na jirani akaja na ufunguo wa akiba. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa peke yake.

Mazishini binti na Mrefu walikutana kwa mara ya kwanza. Walikaa kwenye benchi moja, na binti akaeleza zile siku tisa. "Kila asubuhi, mama alikuwa akiniuliza, basi la kurudi linaondoka saa ngapi? Nikadhani amechoka na sisi, ana haraka ya kurudi dukani. Namjibu, saa kumi na mbili na nusu, mama. Kesho yake anauliza tena. Namjibu tena. Siku ya tisa nikambebea mkoba mpaka kituoni, nisije nikamchelewesha."

Mrefu akamwambia alichoambiwa asubuhi ile Mama Punguza aliporudi dukani na kuvaa aproni yake. "Nilimuuliza, mbona mapema? Likizo si ulipewa mwezi mzima? Akaniambia, ndiyo, mwezi mzima. Hakunizuia."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa binti, kwa mkwe aliyeko mgodini, na kwa mjukuu ambaye leo ana miezi sita na hajui kitu. Pole kwa Mrefu na kwa mwenye duka. Pole kwa akina mama wote waliokaa kwenye vile viti. Mungu amlaze mahali pema Mama Punguza.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga. Lakini wapo watu wasiojua kuuliza wanachokitaka, wanauliza kingine kilicho karibu nacho. Kama asubuhi hii kuna mgeni nyumbani kwako, mama, baba, shangazi, na amekuuliza basi linaondoka saa ngapi, tafadhali usimtajie saa. Mwambie akae.