Tanuri Lisifunguliwe: Maisha ya Dokta Lamtiur Hutajulu

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, ukoo wa Hutajulu umenituma mimi Halomoan, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu.

Dokta Lamtiur alizaliwa hapa Balige tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Marolop na mama Tiorina, mfumaji wa vitambaa vya ulos, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma hapa hadi mwaka 1985 alipokwenda chuo kikuu Bandung kusomea fizikia, na mwaka 1997 akapata shahada ya uzamivu huko Sendai, Japani.

Mwaka 1998 alirudi Bandung kufundisha, na kazi aliyoipenda ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta na kutabiri, kabla haijatengenezwa, ni fuwele ipi itakayozuia umeme kupita ndani yake lakini iupitishe bila shida juu ya ngozi yake. Mei 2011 alitangaza ya kwanza, kanisa likatoa shukrani, kumbe ile njia nyepesi ya kukokotoa, ambayo wengi huitumia, huifanya hata fuwele ya kawaida ionekane ya ajabu. Akarudia kwa njia nzito, akajikuta amekosea, akaufuta utabiri wake mwenyewe hadharani kabla hajaumbuliwa na mtu, na simu za pongezi zikaacha kulia.

Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, na mama yake alipomuuliza, "Wewe Lamtiur, ndiyo umeolewa na kompyuta?" alijibu, "Mama, angalau hii hainiulizi chakula kiko wapi." Tulicheka, lakini alikuwa mpweke, hatutalificha hilo mbele ya jeneza lake, Krismasi nyingi alikula peke yake ofisini, na kwa desturi yetu asiyeacha mtoto hapigiwi ngoma za gondang, ndiyo maana leo ngoma zimenyamaza.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wakati Bwana Engkos Suherlan, mwenzake anayeotesha fuwele, akijiandaa kuyeyusha madini ili aoteshe fuwele ya utabiri wa pili wa shangazi, kazi ya miaka kumi. Tanuri liliwashwa Oktoba, nalo lazima lipoe polepole kwa wiki nyingi. Hali ya shangazi ilipozidi kuwa mbaya, Bwana Engkos alimfuata hospitalini akilia, "Dada, tulifungue sasa hivi, walau uione fuwele yako," naye akamjibu, "Ukilifungua likiwa la moto itapasuka, utaniletea vigae. Liache, Engkos. Mwenye haraka ni mimi, siyo lenyewe."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, bila kujua kama safari hii alipatia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bandung waliompikia uji hadi alipoacha kumeza, na walimu wenzake mliosafiri naye hadi nyumbani. Bwana Engkos, tunajua tanuri bado lina moto. Usiharakishe kwa ajili yetu, ila siku ya kulifungua utuite, asikosekane mtu wa kwao.

Pumzika kwa amani, shangazi, sisi tutasubiri.