Picha Sita za Bonde la Lorrimer: Maisha ya Alwyn Roderick Maskell, 1941–2014

Marehemu Alwyn Roderick Maskell, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Mei 1941 hapa Deloraine, Tasmania, Australia. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Roderick Maskell, fundi wa matandiko ya farasi, na mkewe Edith. Wa kwanza ni mimi, Avis, ninayewasomea. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mkunga akamlaza ndani ya droo ya kabati karibu na jiko ili apate joto. Alikaa humo wiki tano.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini, kisha sekondari Launceston hadi mwaka 1957. Hakuwa mzito wa akili ila msahaulifu. Aliacha koti la mvua kwenye treni mara tatu, na safari moja alirudi amevaa viatu vya mtoto mwingine. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: “Alwyn angefaulu vizuri kama angekumbuka kuja na kalamu.” Baba aliibandika ripoti ile ukutani, na kila mgeni aliyeingia alisomewa.

Alijifunza kazi ya upigaji picha Launceston kwa miaka mitatu, na Februari 1961 tukafungua duka letu, yeye na mimi. Yeye alipiga picha, mimi nilikuwa chumba cha giza: kujaza filamu, kusafisha, kuchapa, zake na za wateja. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi. Filamu zake ni vipande bapa, kila kipande picha moja. Vishikizo vya kawaida vya filamu, vile vya mbao, hubeba vipande viwili tu. Al, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na kasha la chuma la kubeba sita. Ukishapiga, unavuta droo yake na kuisukuma tena, kipande kilichopigwa kinakwenda nyuma, kipya kinakuja mbele, na namba ubavuni inabadilika. Alilipenda kasha lile kwa sababu wazee na watoto hawana subira. “Kwa vishikizo vya mbao,” alikuwa akisema, “nikiwa tayari kwa picha ya tatu, bibi harusi ameshazeeka.”

Wengi wenu mliopo hapa mnajua habari ya Bonde la Lorrimer, au mnadhani mnaijua. Bwawa la umeme lilipokuwa linakaribia kukamilika, familia kumi na moja za bonde hilo, ambalo maji yangelifunika, zilipewa tarehe ya kuhama. Zikakubaliana kwamba baada ya ibada ya mwisho, Jumapili tarehe 24 Machi 1968, watu wote wasimame mbele ya kanisa na Al awapige picha, kila nyumba ipate nakala yake.

Jumamosi mchana Al alikuja na kasha akataka alijaze mwenyewe. Nilimkatalia.

“Wewe utaacha alama za vidole kila mahali,” nilimwambia. “Lete hapa.”

“Ni za watu wa Lorrimer, Dada. Sina pa kurudia.”

“Na mimi lini nimekuharibia?”

Akanipa. Katika giza, kipande cha filamu hujulikana kwa kidole: pembeni kuna alama iliyokatwa, na ukiipapasa unajua upande wenye dawa, ambao lazima utazame mbele, umeelekea wapi. Nilikuwa bado nina hasira kwa kuulizwa. Nilitoa vipande sita kwa mkupuo mmoja na kuviingiza kimoja baada ya kingine, bila kupapasa hata kimoja. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka saba. Nilijiamini.

Siku ya pili upepo ulikuwa ukivuma kutoka milimani na mvua ilikuwa njiani. Watu hamsini na wanane walisimama mbele ya kanisa. Mzee Hector Colgrave, aliyekuwa mgonjwa, alibebwa kwenye kiti na kuwekwa mbele, na binti yake Nerida akasimama nyuma yake. Al alipiga zote sita. Baadaye wakanywa chai na kula keki za lamington, zile za chokoleti na nazi, juu ya maboneti ya magari, kwa kuwa meza za kanisa zilikuwa zimeshachukuliwa. Jumatatu walihama. Jumanne kanisa lilibomolewa.

Jumatatu hiyo hiyo asubuhi nilisafisha zile filamu. Kanisa lilitoka kama moshi, limegeuka kushoto kulia, na nyuso hazikuwepo kabisa. Zote sita nilikuwa nimeziweka mgongo mbele. Nilimwita Al. Alizishika kwenye mwanga moja baada ya nyingine, kisha akaziweka mezani.

“Nitawaambia nilisahau kuvuta droo,” alisema. “Zote zimeangukia kwenye kipande kimoja.”

“Al, huo ni uongo.”

“Mimi wananijua, Dada. Hakuna atakayeshangaa. Wewe wakikuacha, nani atakuletea filamu?”

Nilipaswa kukataa. Nilinyamaza. Alikwenda nyumba moja baada ya nyingine, kumi na moja zote, akaomba radhi mlangoni. Mzee Colgrave alifariki tarehe 3 Mei mwaka ule. Familia yake haikuwa na kamera, na picha yake nyingine haipo.

Ijumaa ya wiki ile ile waliyohama Al aliniletea kasha likiwa tupu. “Sita, Dada,” alisema, “kama kawaida.” Hakuzungumzia tena jambo lile. Mji ndio uliozungumza. Clarrie Bonner, muuza nyama, hakuacha kumwuliza, “Vipi Al, leo umevuta?” Harusini walimhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu. Al alicheka nao. Kazi za makanisa na za shule zilipungua, na kwa miaka minne alishinda asubuhi kiwandani akikata mbao. Mimi niliendelea kuitwa fundi asiyekosea.

Tarehe 17 Oktoba 1970 marehemu alifunga ndoa na Nerida Colgrave. Alimwoa binti wa mtu yule yule, naye Nerida alikubali kuolewa na mtu ambaye, kwa alivyoamini yeye, amempotezea picha ya baba yake. Walijaliwa watoto wawili, Philippa na Stuart. Waliishi kwa upendo miaka arobaini na mitatu.

Mwaka 2009 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wa Launceston wakasema ni ugonjwa wa Parkinson. Duka tulilifunga mwaka uliofuata. Nilimtembelea kila Alhamisi. Siku moja, mwezi Aprili mwaka huu, nilimwuliza kama niwaambie watu.

“Watu wenyewe wamebaki wangapi?” alisema.

“Nerida yupo.”

Aliomba chai. Chai ile niliifanya ruhusa ya kunyamaza. Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 12 Juni 2014, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Wasifu wa kwanza niliouandika haukuwa na habari ya filamu. Jumamosi nilimpelekea wifi yangu Nerida ausome, nikashindwa kumtazama, nikamweleza yote. Alikaa na karatasi mapajani.

“Kila Krismasi nilimtania mbele ya watoto,” alisema. “Alikuwa anacheka. Kwa nini hukuninyamazisha, Wifi?”

Nilinyoosha mkono niichukue karatasi ile.

“Basi iandike upya,” akasema. “Isome mbele ya wale wale waliomcheka. Mimi nitakuwa kiti cha mbele.”

Nimeisoma. Alwyn Maskell hakusahau kitu siku ile. Alivuta droo mara sita. Familia za Lorrimer, naomba mnisamehe, na wewe Nerida, ukiweza.

Marehemu ameacha mjane, Nerida, watoto wawili, Philippa na Stuart, wakwe, Graeme na Lorelle, wajukuu watano, na dada mmoja. Mungu ampe ndugu yangu pumziko la amani, na jina lake lirudi kwake likiwa safi.